Mashamba mawili ya mama mdogo: kisa cha viwavijeshi na buibui Kilolo

Januari ya mwaka juzi, kabla jua halijachomoza, mama mdogo alinipigia simu. "Mwanangu, la barabarani limeliwa lote. La mianzini lipo zima." Sikumwelewa. Mashamba yote mawili ni yake, ya mahindi, kila moja ekari na ushee. Mbegu ilitoka kwenye mfuko mmoja, mbolea ilikuwa ile ile, na upandaji ulipishana siku tatu tu. Kutoka moja hadi jingine ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Kwa nondo anayetaga mayai ya viwavijeshi vamizi, umbali huo si kitu: akipata upepo anaweza kuruka kilometa 100 kwa usiku mmoja.

Nafundisha biolojia sekondari, mjini Iringa. Jumamosi hiyo nilipanda gari la asubuhi kwenda Kilolo. Tulisalimiana "kamwene", nikapewa chai, na kabla sijaimaliza mama mdogo alikuwa ameshavaa mabuti. Alitaka nione kwa macho.

Aliyoyasema kwenye simu yalikuwa kweli. Shamba la barabarani lilikuwa na mahindi ya kimo cha goti, majani yametobolewa kama kitambaa kilicholiwa na mende. Ndani ya moyo wa kila mhindi kulijaa kinyesi chenye unyevu, rangi ya vumbi la mbao. Nilipasua mmoja nikamtoa kiwavi: kichwani ana alama ya Y iliyogeuzwa juu chini, karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa mraba. Hakuna ubishi juu ya mdudu huyo. Amekuwapo Tanzania tangu 2017, na kila mkulima wa Nyanda za Juu Kusini anamjua kwa sura.

Shamba la mianzini nalo lilikuwa na viwavi. Naliweka wazi hili mapema, kwa sababu kisa kilipoanza kusimuliwa kijijini kiligeuka kuwa hadithi ya shamba lisiloingiwa na mdudu. Liliingiwa. Lakini ulipaswa kutembea mistari kadhaa ndipo ukute mhindi mmoja uliotobolewa, na mingi ya hiyo ilikuwa imeshatoa jani jipya safi.

Jambo la tatu ndilo lililoniondolea usingizi. Shamba la barabarani lilikuwa limepigwa dawa mara mbili msimu huo. La mianzini halikupigwa hata mara moja, kwa kuwa chupa iliisha na mama mdogo hakuwa na fedha ya kununua nyingine.

Maelezo ya kwanza ya kijiji yalikuwa kwamba dawa ni feki. Huenda. Mama mdogo aliinunua kwenye duka moja la pembejeo na hakupewa risiti. Lakini dawa feki ingeeleza tu kwa nini shamba la barabarani halikupona. Isingeeleza kwa nini shamba ambalo halikupigwa chochote lilisimama. Kuhusu tarehe ya kupanda, siku tatu hazitoshi. Kuhusu udongo, la mianzini lina udongo mweusi kidogo, na mhindi wenye nguvu hustahimili kuliwa, hilo nalikubali. Ila mhindi wenye nguvu hauzuii mayai kuanguliwa, na tofauti tuliyoiona ilikuwa ya idadi ya viwavi, siyo ya afya ya majani peke yake.

Basi tuliangalia mashamba yenyewe yamekaaje. La barabarani ni safi. Kijijini kwetu "safi" ni sifa kubwa: limelimwa hadi ukingo wa mfereji wa barabara, hakuna jani la nyasi, na kila Septemba mwisho mabaki yote huchomwa pamoja na pembe za shamba. La mianzini limezungukwa pande mbili na mianzi ya ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi, aliyoipanda babu, na chini ya mianzi hiyo kuna zulia la majani makavu linalozama mguu hadi kifundoni. Upande wa tatu kuna ukanda wa nyasi ndefu unaoshuka hadi mtoni. Hauchomwi, kwa sababu moto ukiingia kwenye mianzi familia inakosa ulanzi wa kugema masika. Upande wa nne ndio unaopakana na jirani. Mama mdogo hakuacha nyasi hizo kwa ajili ya wadudu. Alikuwa analinda ulanzi.

Usiku ule niliazima tochi ya kichwani. Buibui wa ardhini, wale wasiosuka utando wa kunasia bali hukimbiza windo, wana kitu nyuma ya macho kinachorudisha mwanga, kama macho ya paka. Ukiiweka tochi sambamba na macho yako na kuinama kidogo, unawaona kabla hujaona kitu kingine chochote. Tulianza la mianzini. Ukanda wa nyasi ulimetameta. Mama mdogo alidhani ni umande, hadi umande mmoja ulipohama. Tukaingia kwenye mahindi tukihesabu mistari. Walikuwa wengi mistari ya mwanzo, wakapungua taratibu, lakini hata katikati ya shamba hatukukosa macho mawili matatu kila tulipogeuza kichwa. Buibui mmoja alikuwa amebeba mgongoni watoto wake, kundi zima, kila mmoja na nukta yake ya mwanga. Mama mdogo alikaa kitako akamtazama kwa muda mrefu. Amelima shamba hilo kwa miaka zaidi ya 30 na alikuwa hajawahi kuingia humo usiku.

Kisha tukaenda la barabarani. Ukingoni, karibu na mfereji, tuliona buibui wawili. Tukaingia mstari wa tano, wa kumi, wa ishirini. Giza tupu.

Kesho yake nilifukia vikombe vya plastiki, midomo yake ikilingana na uso wa ardhi, na maji kidogo yenye sabuni ndani, kila shamba kwa njia ile ile: ukingoni na katikati. Baada ya siku tatu mama mdogo alivitoa na kunitumia picha. Vya la mianzini vilikuwa na mchanganyiko wa buibui, mbawakawa weusi wakimbiao, sisimizi wa aina kadhaa, na wale wadudu wenye koleo mkiani ambao watoto huwaogopa bure. Vya la barabarani vilikuwa na sisimizi wadogo, panzi mmoja, na vumbi.

Hawa wote wana kazi gani kwa kiwavi? Nondo jike hutaga mayai kwa tonge, mara nyingi 100 hadi 200 kwa tonge moja, na kulifunika kwa manyoya. Katika maisha yake anaweza kufikisha mayai 1,500 na zaidi. Vinapoanguliwa, viwavi ni wadogo kama uzi, na hutawanyika kwa kutembea au kwa kuning'inia kwenye nyuzi zao ili upepo uwasogeze hadi mhindi wa jirani. Hizo ndizo siku zao za hatari. Akishaingia kwenye moyo wa mhindi na kuuziba kwa kinyesi chake, buibui hamfikii na dawa nayo haimfikii vizuri. Hatari inarudi tena anapokomaa: anashuka ardhini na kujifukia sentimita chache ili awe buu (pupa), na hapo sisimizi na mbawakawa wanamsubiri. Kwa hiyo wawindaji wanatakiwa wawepo shambani tayari siku mayai yanapoanguliwa. Wakifika wiki mbili baadaye, wamechelewa.

Swali tulilolifikia, na mpaka leo naamini ndilo swali lenyewe, ni hili: buibui wa shamba anakaa wapi Agosti?

Kwetu mvua ni msimu mmoja. Inaanza Novemba au Desemba, inakatika Aprili kuelekea Mei. Baada ya hapo ni miezi mingi mikavu, na Juni na Julai kuna baridi kali. Mahindi yakishavunwa, shamba ni uwanja wa jua. Buibui na mbawakawa wanahitaji kivuli, unyevu kidogo na mahali pa kujificha: mashina ya nyasi, majani yaliyooza, nyufa. Wakiwa napo, wanavumilia. Buibui anaweza kukaa majuma mengi bila kula. Wasipokuwa napo wanakufa, au moto wa Septemba unawamaliza. Mvua ikinyesha na mahindi kuota, lile shamba safi linaanza upya bila mlinzi. Vitoto vya buibui vinaweza kufika kwa kupeperushwa na uzi wao. Charles Darwin aliwaona wakitua kwenye meli Beagle mwaka 1832, mbali kabisa na pwani ya Amerika Kusini. Lakini buibui mkubwa wa ardhini haruki. Anatembea kutoka ukingoni, na kama ukingo umeungua hana pa kutokea.

Sasa mtazame kiwavijeshi vamizi. Huyu hana uwezo wa kulala kiangazi kizima akisubiri mvua, kama wafanyavyo wadudu wengine. Anahitaji mmea mbichi mwaka mzima, kizazi baada ya kizazi. Ungedhani kiangazi chetu kingemtosha kumwangamiza. Lakini tuna vinyungu. Bondeni, kwenye ardhi yenye maji, mahindi yanasimama mabichi wakati vilima vyote ni vikavu, na mengine bado yapo shambani Novemba mahindi ya mlimani yanapochipua. Nondo anatoka kinyunguni na kupanda kilimani jioni moja. Bila kukusudia tumempa mharibifu nyumba ya mwaka mzima, kisha tumechoma nyumba ya anayemla.

Sisemi vinyungu viachwe. Vinyungu ndivyo vilivyonilipia ada, na familia nyingi za Iringa na Njombe zingelala njaa Januari bila hivyo. Nasema tu kwamba nyasi za kando ya mto, ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda kwa mita 60 kutoka kwenye maji, zina faida nyingine ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye mkutano wa kijiji. Huwa tunaambiwa tu kwamba zinatunza maji.

Wazo la kuacha makazi ya wawindaji si geni duniani. Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walitengeneza matuta ya nyasi katikati ya mashamba makubwa ya nafaka, na majira ya baridi wakakuta wawindaji zaidi ya 1,000 katika mita moja ya mraba ya tuta. Wao adui yao ni baridi, sisi ni ukavu na moto, lakini hoja ni ile ile: msimu mbaya unapitwa wapi. Na kuna makadirio yaliyotolewa 2017 kwamba buibui wa dunia nzima hula kati ya tani milioni 400 na milioni 800 za windo kwa mwaka, zaidi ya asilimia 95 ya hizo zikiliwa na buibui wa misituni na kwenye nyasi. Mashamba yanabakiwa na sehemu ndogo sana. Nilipomsomea mama mdogo hilo alisema, "Kwa hiyo wamekimbilia kwenye mianzi yangu." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Nilidhani kazi imekwisha. Jirani yetu ndiye aliyenisahihisha, na ninamshukuru. Ni mzee aliyelima tangu enzi za vijiji vya ujamaa, na yeye ndiye anayepakana na mama mdogo upande wa nne. Aliposikia nasema tuache kuchoma, alikuja na bua kavu la msimu uliopita, akalipasua kwa kisu mbele yangu. Ndani alilala funza mnene, hajafa. "Mwalimu," aliniambia, "huyu naye unamfugia?"

Alikuwa na haki kamili. Funza wa mabua wa nyanda za juu anafanya kile ambacho kiwavijeshi vamizi hakiwezi: anakomaa, analala ndani ya bua kiangazi kizima, na mvua za kwanza zinamwamsha ageuke nondo. Wazee waliochoma mabua hawakuwa wajinga. Walikuwa na adui wao, na moto ulimpata. Kosa letu ni kuutumia moto uleule kwa kila kitu, bua, nyasi, kichaka na ukingo, kana kwamba vyote vina mdudu mmoja. Pia matete na nyasi nene za mtoni huweza kuhifadhi baadhi ya funza hao. Makazi hayamchagui mgeni.

Tulikaa sisi watatu chini ya mwembe tukajadili hadi jioni. Tulichokubaliana ni kutenganisha mabua na nyasi. Mabua ya la barabarani yangekatwa mara baada ya kuvuna: ya kulisha ng'ombe yaende zizini, yaliyobaki yalazwe chini juani majuma kadhaa, kwa kuwa funza aliye ndani ya bua lililolala kwenye jua kali hufa kwa joto na ukavu. Nyasi za pembeni zingeachwa, upana wa hatua tatu kuzunguka pande mbili. Na katikati ya shamba tungeinua tuta moja na kupanda nyasi za malisho juu yake, ili lisikae bure na mama mdogo apate cha kukata kwa ajili ya ndama. Dawa ingepigwa pale tu ambapo ukaguzi umeonyesha viwavi wadogo wengi, asubuhi sana au jioni, na isiguse ukingo wala tuta.

Hapo ndipo penye udhaifu wa kisa hiki kama ushahidi. Tulibadilisha mambo matatu kwa mkupuo, moto, nyasi na dawa, kwa hiyo siwezi kusema ni lipi lilifanya nini. Hata mwanzoni, shamba la barabarani lilikuwa limetofautiana na la mianzini kwa yote matatu. Ningekuwa namsimamia mwanafunzi ningemwambia atenganishe. Lakini hili ni shamba linalolisha watu sita, na mama mdogo hakuwa tayari kuacha kipande kiliwe ili mimi nipate jibu safi. Sikuweza kumlaumu. Maoni yangu ni kwamba dawa iliyopigwa mara nyingi na moto wa kila mwaka vilifanya kazi moja: vyote viliwaondoa wenye kutembea na kuwaachia nafasi wenye kuruka.

Msimu uliofuata ulikuwa wa wastani. Nondo walikuja kama kawaida. Mistari iliyo karibu na ukanda wa nyasi iliumia kidogo, katikati iliumia sana, na mama mdogo alipiga dawa mara moja badala ya mara mbili. Tuta la katikati lilikuwa bado changa, nyasi zake hazijashikana, na tulipoingia na tochi Januari tuliwakuta buibui wa ardhini hadi mstari wa tisa kutoka ukingoni. Kwenye tuta lenyewe tulikuta mmoja tu.

Halafu kuna panya. Hili lilituumiza na silifichi. Nyasi zilizoachwa kando ya shamba ziliwapa panya maficho, na wiki ya kwanza baada ya kupanda walifukua mbegu kwenye mistari miwili ya pembeni, shimo baada ya shimo, kwa mpangilio kama wa mtu anayepanda. Mama mdogo alirudishia mbegu kwa mkono. Alikasirika, na kwa siku mbili nilifikiri nyasi zitachomwa. Mwishowe alizifyeka zibaki urefu wa shibiri moja wiki mbili kabla ya kupanda, akaacha mashina na majani yaliyolala chini. Panya walipungua kwa kukosa pa kujificha wasionekane na ndege. Buibui walibaki, kwa sababu wao wanaishi kwenye mashina. Hiyo haikuwa kwenye maelezo yangu, ni yeye aliyeitafuta.

Septemba hii jirani alikuja kabla ya kuwasha moto wake. Aliomba aonyeshwe mpaka wa nyasi, maana upepo ulikuwa unaelekea kwetu. Mama mdogo alichomeka miti mitatu, na yule mzee akalima kizuizi cha udongo mtupu upande wake kabla ya kuchoma mabua yake. Ukanda ulipona wote.

Mvua zimeanza. Mahindi ya barabarani yana majani manne. Juzi usiku simu iliita karibu saa nne, nikaogopa, simu za usiku huwa ni za msiba. Alikuwa mama mdogo, yuko shambani peke yake na tochi. "Nimefika mstari wa kumi na sita," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto, "na bado nayaona macho. Kwenye tuta wapo wanne. Subiri, nihesabu tena."